VPN ya dola tano: miongozo inafundisha mikono, inasahau swali

Msomaji, ukitafuta mtandaoni namna ya kujitengenezea VPN yako mwenyewe, utapata miongozo mingi kuliko unayoweza kuisoma kwa wiki nzima. Mingi inafanana kama sare za shule. Kodi seva pepe ya dola 5 kwa mwezi, bandika mstari mmoja wa amri, subiri dakika kumi, elekeza kamera ya simu kwenye msimbo wa QR, kazi imekwisha. Mwishoni unapewa pongezi: sasa uko salama, hakuna anayekuona.

Makala hii ni uhakiki wa miongozo hiyo. Tunaisoma kama kazi za kuelimisha umma kuhusu teknolojia, maana ndivyo inavyojitambulisha, na tunaisoma tukiwa Arusha. Tunamfikiria mwanafunzi wa Tengeru, fundi wa kompyuta wa mjini, kampuni ndogo ya utalii yenye ofisi ya chumba kimoja Sakina, na mtu wa Ngarenanyuki anayenunua bando la wiki na kulihesabu kama sukari. Hukumu tunaitanguliza ili usije ukadhani tunazunguka: kama mafunzo ya ufundi, mingi ya miongozo hii ni mizuri. Kama maelezo ya kitu gani hasa unakipata, mingi inapotosha. Na anayeumia zaidi ni msomaji wa huku, kwa sababu haikuandikwa akifikiriwa yeye.

Inachofanya vizuri

Tuanze na haki yao. Wazo la VPN ni bahasha ndani ya bahasha. Kwa kawaida simu yako ikitaka kufungua tovuti, inaandika barua yenye anwani ya tovuti hiyo juu, na kampuni ya simu inaisoma anwani ili ijue pa kuipeleka. Ukiwa na VPN, barua ile inatiwa kwanza kwenye bahasha nyingine iliyofungwa kwa hesabu za siri, na juu yake kunaandikwa anwani moja tu: ya seva yako. Seva inafungua bahasha ya nje, inatoa barua ya ndani, inaituma kunakohusika, kisha inakurudishia majibu kwa njia ileile.

Zamani kuiweka seva ya namna hii ilikuwa kazi ya watu wa mitandao wenye subira. OpenVPN, iliyoanza mwaka 2001, ina mipangilio mingi kiasi kwamba kosa dogo linaweza kukuachia mlango wazi bila wewe kujua. Hali ilibadilika na WireGuard, kazi ya Jason Donenfeld, iliyoingizwa rasmi kwenye kiini cha Linux toleo la 5.6 mwezi Machi 2020. Msimbo wake wa msingi ulikuwa na mistari kama 4,000 tu. Kwa lugha ya kazi, mtu mmoja makini anaweza kuusoma wote. Tena haikuachii uchague njia ya kufungia siri kati ya njia ishirini. Imekuchagulia moja, na ukipunguza machaguo unapunguza na makosa.

Miongozo inalieleza hili vizuri. Inaeleza pia kwamba kila kifaa kina funguo mbili, wa siri na wa wazi, na kwamba seva inamtambua mtu kwa ufunguo wake wa wazi. Mwanafunzi akimaliza hatua hizo kwa mikono yake, anajua kuhusu mitandao mambo ambayo mihula miwili ya nadharia isingempa. Kwa hilo pekee, dola 5 si hela ya kutupa.

Tatizo linaanza pale mwongozo unapoacha kueleza namna na kuanza kueleza faida.

Imani imehama, haijafutwa

Dai kubwa la miongozo hii ni kwamba ukitumia VPN ya kampuni unamwamini mgeni, ila ukiweka ya kwako humwamini mtu yeyote. Nusu ya kwanza ni kweli, na ushahidi upo. Mwaka 2016 watafiti wa shirika la sayansi la Australia, CSIRO, pamoja na wenzao wa vyuo vikuu, walichapisha uchunguzi wa programu 283 za VPN za simu za Android. Asilimia 18 hazikufunga siri yoyote. Asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi. Asilimia 75 zilibeba vifaa vya kufuatilia watumiaji. Kwa hiyo ile programu ya bure yenye picha ya ngao ya kijani, yaani ile ambayo wengi wetu tunaambiana kwenye makundi ya WhatsApp, mara nyingi ni mlinzi anayekupekua mifuko huku akikuaminisha kwamba anakulinda.

Nusu ya pili ndiyo inayoteleza. Seva pepe ni kipande cha kompyuta kubwa ya mtu mwingine, iliyoko kwenye jengo la mtu mwingine, chini ya sheria za nchi nyingine. Mwenye kompyuta ile anaweza kuona seva yako inawasiliana na nani, na akitaka anaweza kunakili diski yake nzima. Kabla ya VPN, aliyeziona anwani unazotembelea alikuwa kampuni ya simu. Baada ya VPN, anayeziona ni kampuni ya seva na kampuni inayoiuzia intaneti. Imani imesafiri kutoka Tanzania mpaka Ujerumani. Haijafutwa.

Sasa fuata mnyororo wa malipo. Seva inalipiwa kwa kadi. Kadi ni ya benki au ya akaunti ya pesa kwenye simu. Akaunti imefungwa kwenye laini. Na laini, tangu zoezi lililofika ukomo wake 20 Januari 2020, imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama ya kidole chako. Mwongozo unaosema "hakuna anayekujua" umeruka mnyororo wote huo, kutoka kwenye seva mpaka kwenye kidole.

Kuna jambo jingine ambalo ni wachache wanaoligusa. VPN ya kampuni inawapitisha maelfu ya watu kwenye anwani moja, kwa hiyo mtu akiangalia kutoka nje hajui nani ni nani. Ni kama Hiace ya Ngaramtoni saa kumi na mbili jioni: mmejazana, na anayeangalia kutoka barabarani anaona gari tu. VPN yako mwenyewe ni pikipiki yako. Unaiendesha peke yako, ina namba mbele na nyuma, na namba hiyo ina jina lako. Kila tovuti unayoingia inaona anwani ileile, siku zote, na mtumiaji wake ni mmoja tu duniani. Kama ulikuwa unatafuta kujichanganya na umati, umetoka kwenye umati.

Swali la nani linajibiwa hapa?

Ili kuelewa kwa nini miongozo inasisitiza hofu ya kampuni ya intaneti, inabidi ujue ilikotoka. Mwezi Aprili 2017, Rais Donald Trump wa Marekani alisaini azimio la Bunge la nchi hiyo lililofuta kanuni zilizotaka kampuni za intaneti zipate ridhaa ya mteja kabla ya kuuza taarifa za tovuti anazotembelea. Watu walikasirika, na wakaanza kuandikiana namna ya kujiwekea VPN. Mingi ya miongozo tunayoisoma leo imerithi hasira ile. Adui wake ni kampuni ya kebo ya nyumbani Marekani, na mtumiaji wake ana intaneti isiyo na kikomo na kadi ya benki mfukoni.

Hasira yao ilikuwa ya haki. Lakini swali lao limeingia huku bila kupita mpakani. Hapa kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na inaweka masharti ya namna ya kukusanya na kutumia taarifa za mtu. Unaweza kuhoji inasimamiwa vizuri kiasi gani, na uhoji kweli. Ila mwongozo uliotafsiriwa kwa Kiswahili bila kutaja kwamba sheria hiyo ipo umekufundisha kuogopa kama Mmarekani na kusahau kudai kama Mtanzania.

Halafu kuna suala la siri yenyewe. Miongozo mingi bado inachora picha ya mdukuzi aliyekaa mgahawani akisoma nenosiri lako la benki kupitia Wi-Fi. Picha hiyo ilikuwa na nguvu zaidi zamani. Leo tovuti nyingi, na karibu kila programu ya benki, zinafunga mawasiliano yao zenyewe kabla hayajaondoka kwenye simu. Kinachobaki wazi ni majina ya tovuti unazokwenda. Hilo nalo si jambo dogo: orodha ya majina peke yake inaweza kusema mtu ana ugonjwa gani, anasali wapi, anasoma habari zipi. Lakini ni tofauti na kusomwa nenosiri, na mwandishi mkweli angekueleza tofauti hiyo badala ya kukutisha.

Kimya kuhusu sheria, kimya kuhusu kuzimwa

Hapa ndipo tunapoikosoa miongozo hii kwa ukali zaidi, hasa ile iliyoandikwa kwa Kiswahili.

Tarehe 13 Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa tangazo kwa umma. Watu binafsi na kampuni ambao kazi zao zinahitaji VPN walitakiwa kutoa taarifa za matumizi hayo, pamoja na anwani za IP, kabla ya 30 Oktoba 2023. Msingi wake ni Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, zinazokataza kutumia teknolojia inayomwezesha mtu kufikia maudhui yaliyopigwa marufuku. Adhabu iliyotajwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Mwongozo unaomwambia kijana wa Kitanzania abandike mstari mmoja wa amri, bila kumwambia kwamba kuna kanuni yenye faini ya milioni 5, haumtendei haki. Unaweza kuipinga kanuni. Unaweza kuiona ni pana mno. Lakini msomaji ana haki ya kujua kwamba ipo kabla hajaingiza namba ya kadi, ili aamue kwa akili yake au amuulize mwanasheria.

Tangazo lenyewe nalo tulihakiki kwa kipimo kilekile. Linaichukulia VPN kama kitu kimoja, pazia la kujifichia, wakati benki inayounganisha matawi yake, daktari anayesoma kumbukumbu akiwa safarini, na mtafiti anayevuta vipimo kutoka mlimani wote wanatumia teknolojia ileile. Ukiangalia vizuri, mwandishi wa mwongozo na mwandishi wa tangazo wamekosea pamoja. Wa kwanza anauza pazia, wa pili anaogopa pazia, na VPN ya mtu mmoja yenye anwani moja isiyobadilika ni pazia bovu sana. Ni rahisi kuliko zote kuisajili, kwa sababu anwani unaijua. Na ni rahisi kuliko zote kuizuia, kwa sababu iliyo moja ikifungwa hakuna ya pili.

Hata bila kuijua anwani yako, mtandao unaoweza kuchunguza pakiti kwa undani unaitambua WireGuard haraka. Ujumbe wake wa kwanza wa kusalimiana na seva una baiti 148 kila mara, na majibu yake yana baiti 92. Baiti ya kwanza ya salamu ni 1, na tatu zinazofuata ni sifuri. Ni kama mtu aliyevaa barakoa lakini anabisha hodi kwa mdundo uleule kila nyumba. Waliotengeneza WireGuard hawakuficha hili. Wamesema wazi kwamba kujificha isitambulike si lengo lake. Miongozo ndiyo inayolificha.

Tena kuna tofauti kati ya kuzuia na kuzima. Kuelekea uchaguzi wa 28 Oktoba 2020, mitandao kama Twitter na WhatsApp ilizuiwa nchini, na watu wengi wakakimbilia VPN. Mwezi Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa. Hayo ni mageti yaliyofungwa kwenye barabara inayopitika. Lakini kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Hapo hakuna barabara. Bahasha ndani ya bahasha haisaidii kitu posta ikiwa imefungwa. Aliyekuwa na seva ya dola 5 na asiyekuwa nayo walikaa gizani sawasawa, wote hawajui ndugu zao wako salama au la.

Ndiyo maana tunasema dai la "hakuna anayeweza kukuzuia" ni zaidi ya chumvi ya matangazo. Linamfanya mtu aamini kwamba tatizo la umma lina dawa ya mtu binafsi, inayouzwa kwa mwezi. Arusha ni mji wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na wa Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Huko magharibi ya bara, Juni 2020, mahakama ya jumuiya ya ECOWAS iliamua kwamba Togo ilivunja uhuru wa kujieleza ilipozima intaneti mwaka 2017. Swali la kuzimwa kwa mtandao linajibiwa kwenye vyumba vya namna hiyo, kwenye bunge na kwenye sanduku la kura. Amri za Linux haziwezi kulijibu.

Bili ambayo haimo kwenye bei

Turudi kwenye fizikia, maana miongozo nayo inaikimbia. Seva nyingi za bei rahisi ziko Ulaya. Kutoka Arusha hadi Frankfurt, ukipima kwa kamba juu ya tufe, ni kama kilomita 6,500. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 65 hata dunia yote ingekutengea njia. Na njia haikunyooka. Data inateremka Dar es Salaam, inaingia baharini, inazunguka bara. Njia ikifika kilomita 10,000, tayari ni milisekunde 100 kabla mashine yoyote haijafanya kazi yake.

Kwa tovuti iliyoko Ulaya huo ni mwendo ambao ungeulipa vyovyote vile. Shida ni vitu vya hapahapa. Tanzania ina vituo vya kubadilishana intaneti, cha Dar es Salaam na hata kimoja cha Arusha, AIXP, vilivyowekwa ili mawasiliano ya ndani yasilazimike kutoka nje ya nchi. Ukiwasha VPN ya Frankfurt kwa kila kitu, unaufuta mpango huo kwa mkono wako. Ukiwa Njiro ukafungua tovuti iliyohifadhiwa Dar es Salaam, ombi lako linakwenda Ujerumani, linarudi Dar, majibu yanakwenda Ujerumani, yanarudi Njiro. Kanda ya kilomita mia sita na kitu inakuwa safari ya mabara mawili.

Na bahari ina mambo yake. Februari 2024 mikongo kadhaa ilikatika Bahari ya Shamu. Kisha 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ikakatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku kama hizo, mtu aliyeelekeza mawasiliano yake yote Ulaya anajiongezea adha hata kwa huduma za ndani zinazofanya kazi.

Bando nalo. WireGuard inaongeza baiti 60 kwa kila pakiti, ukitumia anwani za aina ya kawaida. Kwenye pakiti kubwa ya baiti 1,420 hiyo ni kama asilimia 4, yaani zaidi ya MB 40 kwa kila GB 1. Kwenye pakiti ndogo za sauti, tuseme za baiti 120, ni nusu ya mzigo mzima. Na kama umenunua kifurushi cha mitandao ya kijamii pekee, VPN inakivunja kabisa: kampuni ya simu haioni tena WhatsApp, inaona bahasha zinazokwenda Ujerumani, na bahasha hizo haziko kwenye ofa yako. Kwa mwandishi wa mwongozo aliyeko Chicago hili si jambo. Kwa wa Ngarenanyuki ndilo jambo lenyewe.

Walichokiweka mwisho kingekuwa mwanzo

Baada ya kusema yote hayo, unaweza kudhani tunakukataza. Hapana. VPN ya mwenyewe ina kazi moja inayoifanya kuliko chombo kingine chochote cha bei yake, na miongozo mingi inaitaja kwenye mstari mmoja mwishoni, kama ziada. Kazi hiyo ni kuunganisha vitu vyako.

Fikiria sanduku la posta. Watanzania wengi hatuletewi barua mlangoni, ndiyo maana tunatumia S.L.P. Wanafunzi mia tano wanaweza kutumia sanduku moja la shule: kutuma barua ni rahisi, lakini barua ikija kutoka nje bila maelezo, nani ataijua ni ya nani? Ndivyo laini za simu zilivyo kwenye intaneti. Anwani za zamani za IP ni chache, kwa hiyo kampuni ya simu inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Simu yako inaweza kutoka nje, ila mtu wa nje hawezi kuianza safari ya kuja kwako. Seva ya dola 5 ni S.L.P. yako binafsi pale posta ya Mnara wa Saa: anwani moja, haihami, na vifaa vyako vyote vinajua pa kukutana.

Chukua mfano. Una kipima mvua kwenye mteremko wa Meru, kimeunganishwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye laini ya simu na paneli ya jua. Kikigoma, bila VPN inabidi upande gari, kisha boda, kisha miguu, ukakiangalie. Kwa WireGuard, kompyuta ile ya mlimani inaipigia seva hodi kila sekunde 25 ili mlango usijifunge, na wewe uliyeko Tengeru unaingia kupitia seva hiyohiyo na kuitengeneza ukiwa umekaa. Hodi hizo zote kwa siku hazifiki hata nusu ya MB. Ofisi ya utalii inaweza vilevile kulifikia faili la wageni lililoko kwenye kompyuta ya Sakina huku dereva yuko Karatu, bila kuliweka faili hilo wazi kwa dunia.

Kwa kazi hii huhitaji kupitisha kila kitu Ulaya. Kwenye mpangilio wa WireGuard kuna mstari unaosema ni anwani zipi zipite kwenye handaki. Miongozo inakuambia uandike anwani zote za dunia. Andika za vifaa vyako tu, na bando lako, kasi yako na tovuti za ndani vinabaki kama vilivyokuwa. Mstari mmoja unabadilisha maana ya chombo kizima, na karibu hakuna anayeueleza.

Mwongozo tunaoutaka

Mwongozo mzuri wa Kiswahili ungeanza na swali: unataka kumficha nani nini, au unataka kuunganisha nini na nini? Ungetaja kanuni ya mwaka 2020 na tangazo la 2023 kwenye ukurasa wa kwanza. Usingekuambia ubandike amri usiyoisoma kwenye seva ukiwa na mamlaka yote. Ungekupitisha hatua kwa hatua. Ungekufundisha kuzalisha ufunguo wa siri ndani ya simu yako na kupeleka seva ule wa wazi pekee, kwa sababu zile amri za mkato nyingi zinazalisha funguo zote mbili kwenye seva, na siri iliyozaliwa nyumba ya mwingine si siri yako.

Ungesema pia kuhusu mwezi wa sita. Picha ya "imekubali" ndiyo mwisho wa miongozo, ilhali ndiyo mwanzo wa kazi. Seva yenye anwani ya wazi hujaribiwa nywila na roboti usiku na mchana tangu siku ya kwanza. Inabidi iingiwe kwa ufunguo, sio nywila, na isasishwe yenyewe. Seva iliyosahaulika ni hatari kuliko kutokuwa na seva, kwa sababu mtu akiiteka, uovu wake utatoka kwenye anwani uliyoilipia wewe, kwa kadi yako, yenye laini yako, yenye kidole chako.

Kwa hiyo, msomaji, ukikutana tena na mwongozo wa dakika kumi, usome mpaka mwisho, kisha uuulize mambo manne: nani sasa anaona nilichokuwa naficha, sheria ya ninapoishi inasemaje, bando langu litalipa kiasi gani, na nani atakayeitunza seva hii mwezi wa sita. Kama hauna majibu, chukua amri zake ukajifunzie, na ahadi zake uziache hapohapo ulipozikuta.